Kiriki ni ya Kupandisha, Haiko ya Kulalia Chini Yake



Mara nyingi hapa tunasoma juu ya mitihani, mupira na usafi wa internati. Leo sisi wanafunzi wa mwaka wa tano, seksio ya mekanike, tunaomba nafasi juu ya kitu kimoja cha chuma. Wenzetu wa pedagojia watasema: ile inatuhusu nini? Tunawaomba wasome mpaka mwisho, kwani kila parsele yenye motokari, ao yenye jirani mwenye motokari, iko na shida hii.

Siku moja ya posho tulipewa kazi ya kufunga eshapema ya pikapu ya masomo. Kiriki ilikuwa moja tu, ile ya mafuta. Tulipandisha upande wa nyuma, tukaweka tofali mbili za sima chini ya shasi, tukaanza kazi. Mwenzetu mmoja alilala chini karibu nusu saa. Kisha akatoka kutafuta kle ya 13 iliyobaki ndani ya sanduku. Mbele arudi, tukasikia mlio sawa wa sahani inayopasuka. Tofali moja ilipondeka, kiriki ikainama, na motokari ikakaa chini, pale pale kifua chake kilipokuwa. Hakuna mutu aliyesema neno. Yeye mwenyewe alisimama na kle mkononi, akaangalia tu.

Hatuandiki ili kumshitaki mutu. Waliotutuma walifanya vile wote wamezoea, na sisi tulikubali bila kuuliza, ingawa tunafundishwa mekanike kila juma. Kosa ni letu sote. Lakini kosa lisiloandikwa linarudi, njo sababu tunaandika.

Tuseme kwanza kazi ya kiriki. Kiriki ya mafuta inapandisha kwa nguvu ya mafuta yanayosukuma pistoni. Mafuta yale yanazuiwa na kaushu ndogo na valvu. Kaushu ikizeeka, ao uchafu kidogo ukiingia, mafuta yanarudi pole pole na motokari inashuka. Mutoto akigeuza ufunguo wa kushushia, inashuka mara moja. Ile kiriki ya vis inayokuja na motokari ndogo haina shida ya mafuta, lakini mguu wake ni mwembamba. Ukivuta kle kwa nguvu, motokari inatikisika na kiriki inaanguka kando. Ilifanywa kwa kubadilisha pine njiani, basi. Kwa hiyo tunasema: kupandisha ni kazi ya kiriki, kushikilia ni kazi ya kitu kingine.

Kitu hicho ni shandeli. Ni kiti cha chuma chenye miguu 3 ao 4, na nguzo katikati inayopanda na kushuka. Ndani yake hamuna mafuta, ni chuma juu ya chuma. Kuko shandeli za meno, na kuko shandeli za matundu na pini. Zote mbili ni nzuri kama zilifanywa vizuri. Lakini kuchagua kuna akili yake, na mambo ya kuangalia ni manne.

La kwanza ni uzito. Shandeli nzuri imeandikwa tani zake. Motokari ndogo inapima karibu tani 1 ao zaidi kidogo. Jeep sawa Land Cruiser inapita tani 2 mbele ya kupakia hata mufuko moja. Uliza pia kama tani zilizoandikwa ni za shandeli moja ao za mbili pamoja, kwani watengenezaji hawaandiki namna moja. Shauri letu ni hili: shandeli mbili ziweze kubeba motokari nzima na kubakiza nguvu, hata kama utapandisha upande mmoja tu.

La pili ni miguu. Iwe mipana. Nguzo ikivutwa mpaka mwisho wa juu na miguu ni ya karibu-karibu, ni sawa na mutu anayesimama kwa kidole kimoja. Afazali shandeli ndefu isiyovutwa sana kuliko fupi iliyovutwa mpaka mwisho.

La tatu ni sudire. Angalia pale vyuma vinapoungana. Sudire iwe imejaa, bila tundu, bila ufa. Rangi nyingi sana inaweza kuficha ubaya. Mguu uliopindika hata kidogo, usinyoroshwe kwa nyundo: shandeli ile imekwisha kazi.

La nne ni kizuizi. Kama ni ya meno, pandisha nguzo, kisha isukume chini kwa uzito wako. Ikiruka jino, uiache dukani. Kama ni ya pini, iwe na pini yake yenyewe, haiko musumari wala kipande cha feri ya beto.

Usidanganyike na jina la duka ao na rangi inayongaa. Mwaka 2020, huko Marekani, kampuni Harbor Freight iliwaomba wanunuzi warudishe shandeli zaidi ya milioni 1, kwa sababu kizuizi hakikuingia vizuri katika meno na nguzo iliweza kushuka kwa gafla. Kisha hata zingine zilizotolewa kwa kubadilisha zile zikaonekana na kosa la sudire. Kama ilikuwa vile kwa nchi ya viwanda vikubwa, sisi tunaonunua sokoni bila karatasi yoyote tufungue macho mara mbili.

Wengine watasema: «Fundi wa sudire wa pale sokoni atatufanyizia kwa bei ndogo.» Hatudharau mafundi wetu, wengi kati yetu tutakuwa mafundi wale wale kesho. Lakini fundi anayeokota vyuma hapa na pale hajui chuma kile kiliisha kubeba nini, na hana mashine ya kupima kazi yake. Mlango ukivunjika, tunasudea tena. Shandeli ikivunjika, hakuna tena.

Na yule asiye na feza ya shandeli afanye nini? Atafute vipande vya muti mgumu, vinene, vilivyokatwa sawasawa. Apange viwili hivi, viwili vile, kwa kukingamana, sawa mutu anayejenga kibanda, na chini kuwe kupana kuliko urefu wa kwenda juu. Muti mgumu unalia na kupondeka pole pole mbele ya kuvunjika. Tofali halilii: linapasuka mara moja. Jiwe linabingirika. Janti tupu inateleza. Tumeona hivi vyote vitatu chini ya motokari katika kartie yetu.

Hata shandeli nzuri inaua kama ikiwekwa vibaya. Udongo wetu wakati wa mvua ni laini, miguu ya chuma inazama. Weka chini yake ubao mpana na mnene. Usifanye kazi kwenye mtelemko. Funga magurudumu yanayobaki chini kwa kale, mbele na nyuma. Usitegemee freni ya mkono peke yake, kwani kwa motokari nyingi inashika magurudumu ya nyuma tu. Ukipandisha nyuma, haishiki kitu. Weka shandeli chini ya shasi ao chini ya pon, hapana chini ya karteri wala bati la sakafu. Ukiisha kushusha motokari juu yake, itikise kwa mikono mbele ya kuingia. Ikiwa itaanguka, ianguke wewe uko inje. Na gurudumu lililofunguliwa, ulilaze chini ya motokari. Halikugaramii kitu, na linaweza kukubakizia nafasi ya kupumua.

Tunajua majibu ya wazee wetu. «Acha woga, mutoto, sisi tulitumikisha majiwe miaka makumi mbili.» Tunawaheshimu, papa zetu. Lakini wale ambao jiwe liliwadanganya hawako barazani kutuelezea habari yao. Tunasikia paka wale waliopona. Wengine wanasema: «Mungu atalinda.» Tunasali mbele ya kazi, na ni vizuri. Lakini siku ile ya posho mwenzetu alipona juu ya kle iliyosahauliwa, na sisi hatuwezi kusahau kle kila siku.

Sasa tunafika kwa neno lenyewe. Darasa letu liko na feza kidogo katika kese, kotizasio ya sikukuu ya mwisho wa mwaka: limonade, keki na foto. Tunapendekeza sehemu kubwa ya feza hii inunue shandeli nne kwa ateliye. Wenzetu wengine walipinga wakisema: «Motokari si yetu, masomo yanunue.» Ni kweli, motokari si yetu. Lakini vifua vinavyoingia chini yake ni vyetu. Foto tutapiga moja, wote pamoja, na limonade tutagawanya. Bora wote tuonekane katika foto ile.

Kwako Bwana Prefe tunaomba mambo mawili tu, kwa heshima. Kwanza, iandikwe kwa mlango wa ateliye kwamba hakuna mwanafunzi wala mufanya kazi anayeingia chini ya motokari iliyoshikwa na kiriki peke yake, hata kwa dakika moja, hata kama aliyemutuma ni mukubwa. Pili, mwanafunzi anayekataa kuingia asihesabiwe kuwa mvivu ao mwenye kiburi.

Na ninyi wenzetu, mukirudi nyumbani likizo, muangalie nyuma ya parsele. Mukimukuta papa ao yaya amelala chini ya motokari juu ya matofali, musibishane naye pale. Mumuite kwanza atoke, mumuambie chai iko tayari. Akiisha kutoka, njo muanze mazungumuzo.

Wanafunzi wa mwaka wa tano, Mekanike