Fizikia ya Atomi Baridi Yahitaji Wanafunzi wa Kiswahili

Mjadala wa istilahi katika vyama vyetu umekwama mahali pamoja kwa muda mrefu. Tungali tunabishana iwapo tuseme kompyuta au tarakilishi, simu ya mkononi au rununu, kana kwamba kazi ya mwanaisimu ni kuvipa majina ya pili vitu ambavyo muuza vocha wa Rodi Kopany keshavipa jina na kuendelea na biashara yake. Naona kazi iliyo ngumu zaidi, tena yenye faida zaidi, iko katika mambo ambayo bado hayana jina lililozoeleka, na ambayo hayawezi kupewa jina na mtu asiyeyaelewa.

Tuchukue gesi ya atomi baridi kupindukia. Mwaka 1924 Satyendra Nath Bose, aliyekuwa akifundisha Dhaka, alimpelekea Albert Einstein makala kuhusu namna ya kuhesabu chembe za nuru. Einstein aliiendeleza hoja hiyo, na mwaka 1925 akatabiri kwamba atomi za aina fulani zikipoozwa vya kutosha zitaingia kwa wingi katika hali moja. Utabiri huo ulingoja miaka 70. Mwezi Juni 1995, mjini Boulder, Marekani, kundi la Eric Cornell na Carl Wieman lilipooza atomi za rubidiamu hadi zikawa na joto lisilofikia sehemu moja ya milioni ya digrii juu ya sifuri kamili, ambayo ni nyuzi 273 chini ya sifuri ya maji kuganda. Hali ile ikatokea. Wao pamoja na Wolfgang Ketterle walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2001.

Hatua ya mwisho ya upoozaji huo si ngeni kwa yeyote aliyewahi kuketi katika kibanda cha chai pale Rodi Kopany, barabara ya Homa Bay na Rongo inapokutana na ile ya Ndhiwa. Chai ikimiminwa kikombeni, chembe zenye kasi kubwa ndizo zitorokazo kama mvuke, na zilizobaki hupungukiwa joto. Maabara nayo hufanya vivyo hivyo. Atomi hunaswa katika mtego wa sumaku, kisha ukingo wa mtego hushushwa kidogo kidogo ili zile zenye moto ziende zao. Mwanafunzi wa pale, ambaye husoma fizikia kwa Kiingereza, huzungumza Kidholuo nyumbani na Kiswahili sokoni, anaweza kuelezwa jambo hili bila istilahi mpya hata moja.

Ugumu huanza tunapofikia jina. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ya TUKI ilitoka mwaka 1990, kabla ya jaribio la Boulder, kwa hiyo tusiilaumu. Mfasiri wa haraka atasema 'mgando', maana neno la Kiingereza limetokana na mvuke kugeuka maji. Atapotosha. Maziwa ya mgando ni mazito, ilhali gesi hii ni nyepesi mara nyingi mno kuliko hewa tuivutayo. Kinachopotea ni upweke wa kila atomi: huwezi tena kusema hii iko hapa na ile iko kule.

Na hapa sarufi yetu ina la kusema. Atomi za kawaida tunazihesabu, atomi hii, atomi hizi, katika ngeli ya I-ZI. Zikishapoozwa, zinafanana zaidi na maji na mafuta, yaani ngeli ya YA-YA, ambayo nomino zake hazina umoja. Nilifikiria 'maungano', lakini mwanakemia atakuja juu, kwani hakuna kifungo kinachoundwa. Napendekeza 'malandano', kutokana na landana, yasiyo na umoja.

Ngeli hiyo inathibitika hata zaidi katika jaribio la mwaka 2002 mjini Munich, Ujerumani. Immanuel Bloch na wenzake walipitanisha miale ya leza ikafanya mashimo ya nuru yaliyopangika kama trei ya mayai. Nuru ilipokuwa hafifu, malandano yalienea trei nzima. Nuru ilipoongezwa nguvu, kila shimo lilibaki na idadi yake kamili ya atomi, zisizohama. Yaani YA-YA ilirudi kuwa I-ZI! Sijui mfano mwingine wa fizikia ambao mwalimu wa ngeli angeufurahia kiasi hicho.

Wapo watakaosema elimu hii si yetu. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa Magamba, Tanganyika, aliona mchanganyiko wa aiskrimu uliokuwa moto ukiganda kabla ya uliokuwa umepoa. Alichekwa, hadi Denis Osborne wa chuo kikuu cha Dar es Salaam alipolijaribu jambo hilo, na wawili hao wakachapisha makala mwaka 1969. Mwaka 2024, huko Innsbruck, Austria, wanafizikia walitangaza kuona jambo la jamii hiyo katika atomi 12 za kalsiamu zenye chaji ya umeme: mpangilio uliokuwa mbali zaidi na utulivu uliufikia mapema zaidi. Wameliita kwa jina la Mpemba. Jina la Mwafrika Mashariki limekwisha kuingia katika fizikia ya kwanta, na lugha yake imeachwa mlangoni.

Kwa hiyo kongamano letu lijalo liwaalike wanafunzi wa fizikia, na istilahi yoyote isipitishwe kabla aliyeipendekeza hajaeleza kitu chenyewe, kwa Kiswahili, hadi mwanafunzi wa kidato cha tatu wa Rodi Kopany akielewe. 'Malandano' yaanze kupimwa kwa kipimo hicho.