Liwelelo na Mzigo wa Toland: Maoni Kuhusu Istilahi ya Panteizimu Katika Unyamwezi

Tasnifu moja ya uzamili niliyopewa kuisahihisha ilikuwa na sentensi iliyonikalisha mezani siku mbili. Mwandishi wake, kijana aliyezaliwa na kulelewa mkoani Tabora, alidai kwamba dini ya jadi ya Wanyamwezi ni panteizimu kwa kuwa Mungu wao huitwa Liwelelo, yaani Ulimwengu. Dai hilo halikuwa na rejeo lolote. Nilipomwuliza sababu, alinijibu kwa adabu kwamba jambo linalojulikana na wote halihitaji rejeo. Sikuweza kumlaumu sana, kwani nimewahi kulisikia darasani likisemwa na watu wenye umri wangu na vyeo vikubwa kuliko changu. Makala haya yanakusudia kueleza kwa nini nililipiga mstari mwekundu dai hilo, na kwa nini, baada ya kulipiga mstari, sikupata amani niliyoitarajia.

Tuanze na lililo thabiti. Mwanaanthropolojia R. G. Abrahams, katika maandishi yake ya mwaka 1967 juu ya jamii za Unyamwezi, anaorodhesha majina kadhaa ya Mungu Mkuu: Likube, Limatunda ambaye ni Muumba, Limi ambalo ni jua, na Liwelelo ambalo ni ulimwengu. Anaeleza pia kwamba Mungu huyo hakuwa akielekewa moja kwa moja mara kwa mara. Shughuli nzito za ibada zilihusu mizimu ya wahenga. Kwa hiyo jina lipo, na maana yake ni hiyo. Mwanafunzi wangu hakulibuni. Alilofanya ni kuchukua neno lililozaliwa kwingine, katika ugomvi wa watu wengine, akalitwika jina hilo.

Neno lenyewe lilizaliwaje? Mtu aliyejiita kwanza kwa jina hilo katika Kiingereza ni John Toland, na maisha yake yanastahili kuelezwa kwa kirefu, maana wengi wanaolitumia neno lake hawajapata kumsikia. Alizaliwa mwaka 1670 katika rasi ya Inishowen, kaskazini mwa Ireland, katika mazingira ya Kikatoliki na ya lugha ya Kiayalandi. Mtaalamu wa isimu hawezi kulipita jambo hilo bila kuliangalia: mtu aliyekuja kuwatia hofu maaskofu wa Uingereza alianza kusema katika lugha ndogo ya pembezoni, iliyodharauliwa na watawala. Akiwa kijana wa miaka kama 16 aliuacha Ukatoliki. Akasoma Glasgow na Edinburgh, kisha Leiden nchini Uholanzi. Mwaka 1696 akatoa kitabu kilichodai kwamba katika Injili hamna fumbo lolote lililo juu ya akili ya binadamu. Mwaka uliofuata Bunge la Ireland likaamuru kitabu hicho kichomwe hadharani mjini Dublin, na mwandishi akatoroka kabla hajakamatwa.

Tangu hapo aliishi kwa kalamu na kwa hisani ya wakubwa. Aliwahi kukaribishwa katika majumba ya kifalme ya Hanover na Berlin, akajadiliana na Leibniz, na mwaka 1704 akachapisha barua za kifalsafa zilizotokana na mazungumzo yake na Malkia Sophie Charlotte wa Prussia. Humo alimkosoa Spinoza kwa kushindwa kueleza chanzo cha mwendo, naye akashikilia kuwa mwendo ni sifa ya maada yenyewe, si kitu kilichotiwa kutoka nje. Ukikubali hoja hiyo, huhitaji tena mkono wa kuusukuma ulimwengu mara ya kwanza. Mwaka 1705, kwenye jalada la kijitabu kimoja, Toland alijitambulisha kuwa ni "panteisti". Miaka 15 baadaye alichapa kwa Kilatini, kwa ajili ya wachache, kitabu kiitwacho Pantheisticon, ambacho mahali pake pa kuchapwa pameandikwa mji usiokuwapo, na ambacho kinasimulia chama cha wasomi wanaokutana kula, kunywa na kuitikiana maneno ya hekima kama waumini kanisani. Alikufa Putney, karibu na London, mwezi Machi 1722, maskini, baada ya fedha zake kuzama pamoja na za wengi katika anguko la hisa la mwaka 1720. Katika maandishi aliyojitungia kwa ajili ya kaburi lake alisema kwamba atafufuka milele lakini hatakuwa tena Toland yule yule.

Mambo mawili yanajitokeza katika habari hii. Kwanza, upanteisti wa Toland ulikuwa ukanusho. Aliyeukiri alikuwa akimkataa Muumba aliye kando ya viumbe vyake, na pamoja naye akilikataa daraja la makasisi waliojidai kuwa wasemaji wake. Wala Toland hakuabudu miti au mito. Ile fasiri ya "kuabudu viumbe" inayotolewa mara nyingi madarasani haimhusu kabisa. Pili, jina la imani yenyewe, lenye kiishio cha "-izimu", halikutoka kinywani mwake. Joseph Raphson alikuwa amelitumia kwa Kilatini mwaka 1697, na mwaka 1709 mpinzani wa Toland, Jacques de la Faye, akalitumia dhidi yake. Ni jina lililokuzwa na washitaki.

Jambo hili la pili si geni kwetu. Tarika ya Kadiria imeshika mizizi Tabora tangu mwishoni mwa karne ya 19, na wanaofahamu elimu ya kisufi wanajua mjadala juu ya wahdat al-wujud, umoja wa kuwako, unaohusishwa na Ibn Arabi, aliyefariki Damascus mwaka 1240. Istilahi hiyo nayo haikuwa istilahi yake rasmi. Ilipata ukali wake katika kalamu ya Ibn Taimiya, ambaye aliona humo upotofu. Mtu anasema jambo zito na gumu juu ya Mungu na vilivyopo. Mwingine analifungasha katika neno moja ili aweze kulipiga. Baadaye neno hubaki, na ugomvi husahauliwa.

Hebu sasa tuifuate njia ya misafara. Burton na Speke walifika Kazeh, ndiyo Tabora ya leo, tarehe 7 Novemba 1857, baada ya kutoka pwani mwezi Juni. Burton, aliyekuwa hodari mno wa lugha na mwepesi mno wa dharau, aliwahukumu watu wa njia hiyo kuwa ni waabudu hirizi ambao dhana ya Mungu haijawafikia. Mapadre Weupe walifika Tabora miongo miwili baadaye, na Wamoravian wakaingia Urambo mwaka 1898. Kutoka kwao tulipata kazi ambazo hazina budi kuheshimiwa: kamusi ya Kinyamwezi ya Edmund Dahl (1915), kitabu cha Padre Bösch (1930) na majuzuu ya Blohm yaliyoanza kutoka mwaka 1931. Hawa waliishi na watu, wakajifunza lugha. Hata hivyo, maswali waliyoyauliza waliyaleta ndani ya masanduku yao. Burton alikuwa ameona kwamba Mungu hayupo. Waliomfuata walimtafuta mpaka wakampata, na kila mmoja alimpata katika umbo alilolizoea.

Maswali kama hayo yanaweza kuzaa nini, hakuna aliyelieleza vizuri kuliko Okot p'Bitek. Huyu ndiye ninayemhesabu kuwa ndugu wa Toland katika Afrika Mashariki, kwa tabia zaidi kuliko kwa mafundisho. Alizaliwa Gulu mwaka 1931, akasomea anthropolojia Oxford na huko akachukizwa na walimu waliowaita watu wake washenzi. Akaondolewa katika uongozi wa Kituo cha Utamaduni cha Taifa mjini Kampala, akaishi miaka mingi nje ya Uganda, akafa mwaka 1982 mara tu baada ya kurejea Makerere. Katika kitabu chake cha mwaka 1970 juu ya dini za Kiafrika na wasomi wa Magharibi, anasimulia jinsi mapadre wa Kiitalia walivyowauliza wazee wa Kiacholi, mwaka 1911, ni nani aliyewaumba. Lugha haikuwa na kitenzi hicho. Swali likageuzwa, likawa ni nani aliyewafinyanga. Wazee wakakumbuka kwamba yuko Rubanga, pepo anayewafinyanga watu vibaya kwa kuwapinda uti wa mgongo. Mapadre wakaandika jina hilo, na Rubanga akawa Mungu wa katekisimu.

Okot hakuwaonea haya hata Waafrika wenzake. John Mbiti, ambaye mwaka 1970 alichapisha kitabu kilichokusanya dhana za Mungu kutoka jamii karibu 300, alishutumiwa naye kwa kuwavika miungu wa Kiafrika majoho ya Kiyunani. Shutuma hiyo ilikuwa kali kupita kiasi, lakini haikuwa ya uongo. Mimi ninaachana na Okot pale anapoelekea kuyafanya ya Acholi kuwa kipimo cha wote. Unyamwezi una jina Limatunda, na jina hilo huelezwa kuwa ni la Muumba. Ama inawezekana pia kwamba hata hapo swali la mmishonari liliacha alama yake katika maelezo tuliyorithi. Lakini hilo linahitaji ushahidi wake, haliwezi kuazimwa kutoka Gulu.

Wapo waliotafuta njia ya mkato kupitia sarufi. Placide Tempels, katika Kongo ya Wabelgiji, alijenga falsafa nzima ya "Wabantu" mwaka 1945 juu ya dhana ya nguvu. Alexis Kagame wa Rwanda, aliyekuwa msomi wa lugha yake kweli kweli, alifuata mwaka 1956 kwa kuzifanya ngeli za nomino kuwa vyumba vya falsafa: muntu, kintu, hantu, kuntu. Ninamheshimu Kagame, lakini kazi yangu ya miaka hii yote hainiruhusu kumfuata. Chukua neno letu Mungu. Wingi wake ni miungu, umbo la ngeli ya mti na mto. Upatanisho wake ni wa mtu, kwa maana twasema Mungu amependa, si umependa. Wako wanaolitumia umbo hilo kuthibitisha kwamba hapo kale Mungu alikuwa nguvu ya maumbile tu. Kama ni hivyo, basi mkate na mshahara navyo ni nguvu za maumbile, ingawa ninakiri kuwa mshahara wa mwalimu una kitu cha kimizimu: hutajwa sana, huonekana kwa nadra.

Nikirudi kwa Liwelelo, majina yote manne yaliyotajwa na Abrahams yanaanza na li-, sauti inayotukumbusha ngeli ya 5, ambayo katika lugha nyingi za Kibantu hubeba ukuzaji, kama tunavyopata jitu na joka katika Kiswahili. Katika Kisukuma, ndugu wa karibu wa Kinyamwezi, ulimwengu ni welelo. Nilipoliona hilo nilifurahi sana. Nikaandika pembeni mwa tasnifu kwamba lugha yenyewe inatofautisha: welelo ni ulimwengu, Liwelelo ni aliye mkuu kuliko ulimwengu, kwa hiyo panteizimu hamna. Nikanywa chai. Chai ilipokwisha nikang'amua kwamba nimetumbukia katika shimo lile lile nililokuwa nimemchimbia Kagame. Kiambishi hakikiri imani. Kinachoonyeshwa na li- ni kwamba kuna maneno mawili; hakionyeshi aliyeyatamka aliwaza nini. Nikaifuta hoja yangu, na nimeitaja hapa ili wenzangu wasije wakaitumia.

Kinachobaki ni matumizi. Mtu yule yule aliyemwita Mungu Liwelelo aliweza kumwita pia Limatunda, na tena Limi, bila kuona kwamba amejipinga. Toland asingeweza kufanya hivyo. Kwake, kusema kwamba ulimwengu ni Mungu kulikuwa kumfukuza Muumba, na ndiyo sababu ya kulificha jina la mji uliochapa kitabu chake. Panapokosekana ukanusho huo, istilahi yake haina la kushika. Kadhalika, tukilazimisha majina hayo yawe ya Mungu wa katekisimu, tutakuwa tumelifuta Liwelelo ili tulipishe Limatunda. Ndiyo maana sipendekezi badala yake istilahi nyingine iliyo tayari. Ninachodai ni kwamba, kabla ya istilahi, tuwe na data: nani hulitaja jina lipi, mbele ya nani, katika jambo gani, na kwa kiimbo kipi. Maganga na Schadeberg walituwekea mwaka 1992 sarufi ya Kinyamwezi yenye matini na msamiati. Juu ya msingi huo kazi hii inawezekana kabisa. Haiwezi kungoja sana, kwani vijana wa Tabora mjini husema Mungu, Mola au Bwana, na majina mengine wanayajua, wakiyajua, kutoka vitabuni.

Mwanafunzi alipokuja kuichukua tasnifu yake aliuangalia mstari mwekundu kwa muda, kisha akaniuliza ninajuaje kwamba wazee hawakumaanisha alivyoandika. Nikamwambia sijui, wala yeye hajui, na sentensi yake ilikuwa imeandikwa kama kwamba anajua. Akakaa kimya. Halafu akasema kwamba bibi yake, aliyekuwa bado hai, hulitaja jina la Liwelelo, lakini yeye hajapata kumwuliza hulitaja wakati gani, kwa kuwa daima alidhani maana yake anaifahamu. Nikafungua kabati, nikampa kinasa sauti cha idara, nikamwandikia barua ya ruhusa ya wiki tatu.