Mpaka Uliochorwa Tusipokuwepo

Tunapogusia habari za mataifa makubwa kugombania mwezi na anga za juu, jibu la kwanza tunalopewa na washarika wetu wa Kyela ni kicheko. Mchungaji, sisi tunahangaika na mpunga uliosombwa na maji na kokoa isiyotabirika bei, nawe unatuletea mambo ya mwezini? Wengine hawacheki. Wao hufunga mjadala kwa Zaburi ya 115, pale isemapo kwamba mbingu ni mali ya Mungu mwenyewe, na wanadamu wamepewa dunia. Basi, wanasema, ya juu tumwachie mwenye nayo.

Tunasema wote wawili wanakosea. Tena tunasema kwamba watu wa ufukwe huu wa kaskazini mwa Ziwa Nyasa wangepaswa kuwa wa mwisho kucheka, kwa sababu sisi tunajua mpaka uliochorwa na wenye nguvu, wenyeji wasipokuwepo, unavyoumiza.

Tarehe 1 Julai 1890, mjini Berlin, Ujerumani na Uingereza zilitia saini mkataba wa kugawana sehemu hii ya Afrika. Walikubaliana kwamba mpaka ufuate ufukwe wa mashariki, wa kaskazini na wa magharibi wa ziwa, hadi ukingo wa kaskazini wa mdomo wa Mto Songwe. Maana yake ni kwamba mchanga unapokwisha, nchi imekwisha. Kwa maneno hayo mvuvi wa Matema anayesukuma mtumbwi wake alfajiri anaingia ugenini kabla miguu haijakauka. Mama wa Kikisi anayeleta vyungu vyake kwa mtumbwi hadi soko la Lyulilo anapita nchi ya watu. Hakuna malafyale aliyeitwa Berlin kuulizwa maji haya ni ya nani.

Mwaka uliofuata, 1891, wamisionari wa Berlin wakafika Ukonde na Neno la Mungu. Hatuna sababu ya kuficha jambo hili katika kitabu cha kanisa: mji mmoja ulituletea Injili na ukatuletea na mpaka. Injili tunaishukuru hata leo. Mpaka haukuwa Injili.

Nini kilifuata? Mwaka 1967 serikali ya Mwalimu Nyerere iliwaandikia wenzetu wa Malawi kwamba mpaka wa haki upite katikati ya maji. Malawi ikakataa, ikishika mkataba wa 1890. Mwaka 2012 mzozo ukapamba moto tena, safari hii kwa sababu ya utafutaji wa mafuta na gesi ziwani, na shauri likapelekwa kwa marais wastaafu wa Afrika wakiongozwa na Joaquim Chissano. Halijamalizika. Hatuandiki haya kuwasema vibaya ndugu zetu Wangonde wa Karonga, ambao lugha yao na Kinyakyusa ni chanda na pete. Tunaandika ili tukumbuke fundisho moja: kinachoandikwa kwa siku moja na wenye nguvu, wanyonge hushindwa kukifuta kwa miaka zaidi ya mia.

Sasa tuinue macho juu.

Mwaka uleule wa 1967 mataifa yalifungua kwa saini mkataba mwingine, wa namna tofauti kabisa. Mkataba wa Anga za Juu unasema kwamba uchunguzi na matumizi ya anga hiyo, pamoja na mwezi, yawe kwa faida ya nchi zote, bila kujali zimeendelea kiasi gani. Unasema hakuna taifa linaloweza kuufanya mwezi kuwa milki yake, iwe kwa kutangaza, kwa kuutumia au kwa kuukalia. Unakataza kuweka silaha za nyuklia katika mzunguko wa dunia. Haya yalikubaliwa na Marekani na Urusi ya Kisovieti, maadui walioelekezeana makombora. Sisi tunaona hapo rehema ya Mungu ikifanya kazi kupitia serikali za dunia. Kwa mara moja wakubwa walikubali kwamba mahali fulani pasichorwe mpaka.

Rehema hiyo sasa inaliwa kidogo kidogo, na wanaoila hawavunji mlango. Mwaka 2015 Marekani ilitunga sheria inayosema raia wake akichimba mali katika anga za juu, mali hiyo ni yake. Luxemburg ikafuata mwaka 2017. Mwaka 2020 yakaja Makubaliano ya Artemis, yaliyoandaliwa na Marekani na kutiwa saini na nchi nyingi, za Afrika zikiwemo, ambayo yanaruhusu kuweka maeneo ya usalama kuzunguka shughuli za nchi mwezini. China na Urusi nazo zina mpango wao wa kituo cha mwezini. Wote wanatazama ncha ya kusini ya mwezi, ambako kuna barafu, na barafu ni maji na mafuta ya roketi. Sehemu zinazofaa pale ni chache. Atakayetangulia kuweka mitambo na kuizungushia eneo la usalama hatahitaji kutangaza umiliki.

Watetezi wao wana hoja, na tuitendee haki. Wanasema bahari kuu haina mwenyewe, lakini samaki ni wa aliyemvua. Sisi watu wa ziwa tunaielewa hoja hiyo kuliko wao. Ni kweli, mbasa ni wa mwenye wavu. Lakini samaki huzaliana, barafu ya mwezini haizaliani. Na hata ziwani hatumruhusu mtu atege nyavu zake, kisha awafukuze wenzake kwenye bandari yote kwa kisingizio cha kulinda nyavu. Anayesema hadai shamba lako, anadai kokoa tu iliyomo, miaka yote, huyo amechukua shamba.

Katekisimo Ndogo tuliyoikariri kabla ya kipaimara inalijua kosa hili. Katika maelezo ya amri ya tisa, Luther anatuonya tusiuvizie kwa hila urithi wa jirani, wala tusiupate kwa kitu chenye sura ya haki. Alijua kwamba kuna wizi unaofanyika kwa mihuri. Yezebeli hakulivamia shamba la Nabothi kwa rungu. Aliandika barua, akatumia muhuri wa mfalme, akaitisha baraza na mashahidi. Kila kitu kilikuwa na sura ya sheria.

Mtu asituambie kwamba Afrika Mashariki haimo katika mambo haya. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 palijengwa Tunguu, Unguja, kituo cha Marekani cha kufuatilia vyombo vyake vya anga. Makubaliano yalikuwa kati ya Marekani na Uingereza, maana Zanzibar ilikuwa bado chini ya Waingereza. Kituo kiliondolewa mwaka 1964, baada ya Mapinduzi. Mwaka 1976 Kenya na Uganda ziliungana na nchi nyingine za ikweta katika Tamko la Bogota, zikidai haki juu ya njia ya setilaiti iliyo karibu kilomita 36,000 juu ya vichwa vyao. Hawakusikilizwa. Na tarehe 30 Desemba 2024 pete ya chuma yenye uzito wa kilo zipatazo 500 iliangukia kijiji cha Mukuku, Makueni, nchini Kenya, ikitoka juu. Mungu alisaidia, haikuua mtu. Lakini ingeua, mwanakijiji angemdai nani? Upo mkataba wa mwaka 1972 unaoidai nchi iliyorusha chombo kulipa madhara yake duniani. Ndiyo sababu tunaipigania sheria. Mwenye roketi anaweza kuishi bila sheria. Mwenye jembe hana ngao nyingine.

Kwa ndugu anayeshika Zaburi ya 115 tunasema: umesoma vema, malizia. Kama mbingu ni za Mungu, basi hakuna aliyepewa hati ya kuziuza. Kunyamaza kwako hakumwachii Mungu mbingu, kunawaachia wenye mitambo. Kwa yule anayehubiri kwamba setilaiti ni chapa ya mnyama, tunasema amewatia watu hofu mahali walipohitaji maarifa. Utabiri wa hali ya hewa unaomwonya mvuvi wetu juu ya upepo wa Mwera hutegemea pia picha za setilaiti. Chombo hakina dhambi, dhambi iko katika kukihodhi, au kukigeuza silaha, kama walivyofanya China, Marekani, India na Urusi walipojaribu makombora ya kuvunja setilaiti na kuacha vipande vikizunguka juu yetu. Na kwa anayesema tunachohitaji ni bendera yetu huko juu, kama Kenya ilivyorusha Taifa-1 mwaka 2023, tunasema ni vema, vijana wetu wasome, warushe. Lakini chombo kimoja hakitatulinda dhidi ya wenye maelfu. Tutalindwa na sheria inayowafunga wote.

Basi tufanye nini? Kwanza tuuseme ukweli huu katika mafundisho ya kipaimara, tunapofika amri ya tisa. Pili, wabunge wetu wanapokuja kuomba kura, tuwaulize Tanzania inasimama wapi katika mikataba hii, kama tunavyowauliza juu ya barabara na mitaro. Tatu, tuwaombe sharika rafiki za Ujerumani na Marekani jambo ambalo hatujazoea kuwaomba. Tumewaomba mabati, na wametupa kwa upendo. Sasa tuwaombe wakaseme na serikali zao, kwa sababu huko ndiko sheria hizi zinakotungwa, na wao wana kura tusizokuwa nazo. Waumini wa Berlin wa mwaka 1890 hawakuulizwa na ndugu zao wa ziwani, maana hatukuwa tumefahamiana. Wa leo tunafahamiana, tunaandikiana, tunashiriki meza moja ya Bwana. Hawatakuwa na udhuru, wala sisi.

Kumbukumbu la Torati 27 inamlaani mtu anayeondoa alama ya mpaka wa jirani yake, na inataka watu wote waitikie Amina. Watu wote, si makuhani peke yao. Nasi tuitikie.