Hayo Meno Yaacheni Kahawia

Jino langu la kwanza liling'oka nikiwa darasa la kwanza, hapa hapa Free Area. Shosho akaniambia nilitupe juu ya mabati nisiangalie nyuma, nitaletewa jipya. Nikatupa. Lilikuwa jeupe pe. Nililoletewa lilikuwa la kahawia, lina mistari kama karatasi iliyomwagikiwa chai. Nikajua ni kwa sababu nilichungulia.

Nikaanza kupiga mswaki mara nne kwa siku. Nikajaribu chumvi, nikajaribu jivu, na Jumamosi moja nikachukua ile waya ya kusugulia sufuria. Damu ilitoka, kahawia haikutoka. Hakuna mtu aliyeniambia nifanye hivyo. Nilisoma kitabuni. Kila kitabu cha watoto nilichowahi kushika kilikuwa na mtoto mwenye meno meupe anayependa mswaki, na yule mwenye meno ya rangi nyingine alikuwa mvivu, mchafu, mpenda peremende. Vitabu vilinidanganya. Sasa mimi ndiye ninayeviandika, na nimechoka kuwa mwongo.

Ukweli ni huu. Tunaishi juu ya mawe ya volkano. Menengai iko hapo nyuma yetu. Maji ya ardhini hupita katika mawe hayo na kubeba floraidi. Shirika la Afya Duniani linasema maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5 kwa lita, na visima vingi vya Nakuru na Bonde la Ufa hupita hapo. Mtoto akiyanywa kabla ya kufika kama miaka 8, jino la ukubwani linaharibikia ndani ya ufizi kabla hajaliona. Meno ya utotoni mara nyingi huponea, ndio maana kile nilichotupa juu ya mabati kilikuwa cheupe. Mswaki hausaidii kitu. Kuchemsha maji kunaua vijidudu, lakini floraidi inabaki palepale. Mvuke ukiondoka, inazidi kukolea. Na mtu akiyanywa miaka na miaka, inaingia mifupani, viungo vinakakamaa. Shosho alimaliza maisha yake akitembea ameinama. Hakuwahi kupimwa, kwa hivyo sitasema ni maji. Nasema tu alikunywa kisima kile kile maisha yake yote.

Mimi nimebaki na jino la mbele lililomeguka nikila mahindi ya kuchoma pale stage, na tabia ya kucheka nimefunga mdomo. Nikienda Nairobi naulizwa, "Wewe ni wa Nakuru, sindio?" kabla sijataja jina.

Miaka miwili iliyopita nilimpelekea mchapishaji mmoja hadithi ya msichana golikipa anayeitwa Njoki. Njoki ana meno ya kahawia. Nilitaja mara moja tu, ukurasa wa pili, kisha mechi ikaanza. Michoro ikarudi: Njoki anang'aa kama tangazo la dawa ya meno. Nikauliza. Mhariri akanijibu kwa upole kabisa kwamba watoto watadhani Njoki hapigi mswaki, na tukimwacha hivyo itabidi tueleze, na hadithi haina nafasi ya maelezo.

Nilikuwa nimeacha chuo mwaka wa pili kwa ajili ya karo, na landilodi alikuwa ananidai miezi miwili. Nikaandika "sawa". Sina wa kumlaumu kwa neno hilo.

Kitabu kilipotoka niliwasomea watoto wa ploti yetu. Wakacheka panapofaa, wakashangilia penalti. Kisha binti mmoja wa miaka saba, ambaye meno yake mapya ndiyo yanachomoza, akaweka kidole kwenye mdomo wa Njoki. "Huyu si wa huku," akasema. Hakuwa analalamika. Alikuwa ananisahihisha.

Kuna rafiki zangu wanaosema, basi andika kitabu cha afya. Njoki anasikitika, daktari anakuja na koti jeupe, anaeleza floraidi kurasa kumi, mwisho. Hapana, jamani. Kwa nini mtoto wa Nairobi akimbizane na paka na kupotea sokoni, halafu wa kwetu aingie kitabuni akiwa mgonjwa tu? Mdomo wa Njoki si somo. Ni wa kupigia kelele mabeki.

Lakini nakubali, yule mtoto mwenye waya mkononi lazima aambiwe. Sentensi moja inatosha: ni maji, si wewe. Na anayetaka zaidi ya sentensi, mbona hadithi iko tele? Mwishoni mwa miaka ya 1990, Dayosisi ya Katoliki ya Nakuru ilianza kazi ya kuchuja floraidi kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Mifupa inachomwa, inasagwa, maji yanapitishwa ndani yake, na ule mfupa unaishika floraidi kama vile mifupa yetu inavyoishika. Ng'ombe aliyekufa anameza sumu ili mtoto asiimeze! Mpe mtoto yeyote hadithi hiyo uone kama atalala.

Badala yake tunawapa wimbo wa mswaki. Nakuru ilipewa hadhi ya jiji Desemba 2021, na bado kuna ploti zinanunua maji kwa mtungi wa lita 20 kutoka kwenye mkokoteni, na hakuna anayekuambia mtungi huo una floraidi kiasi gani. Ya mvua, ambayo karibu haina floraidi, tunayaacha yamwagike kutoka kwa mabati yasiyo na gata. Mtoto akitoa meno ya kahawia, mwalimu anamwonyesha ukurasa wa usafi.

Nimemaliza kitabu kingine. Safari hii kabla ya kutia sahihi niliomba mstari mmoja uongezwe kwenye mkataba: rangi ya meno haibadilishwi bila idhini yangu. Walikaa kimya wiki tatu, na wiki tatu bila malipo ya awali ni ndefu, manze. Kisha wakakubali. Juzi mchoraji akanitumia ujumbe akiuliza ni kahawia gani hasa, ya kahawa, ya udongo, au ya mbao.

Nikaenda dirishani penye mwanga, nikafungua mdomo wote, nikajipiga picha, nikamtumia.