Matibabu ya Saratani ya Koo Yasiishie Mlangoni mwa Hospitali

Mkulima wa Dumila, wilayani Kilosa, na mvuvi wa Pemba wametenganishwa na nchi kavu na bahari, lakini saratani huwakutanisha. Wote wawili, wakihitaji matibabu ya mionzi, kwa miaka mingi wamekuwa wakielekezwa Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam. Matibabu huchukua wiki kadhaa, kisha mgonjwa huruhusiwa kurudi kwao. Swali letu leo ni hili: akisharudi, ni nani amwangaliaye?

Saratani ya koo mara nyingi hutokana na tumbaku na pombe. Lakini ipo iletwayo na virusi vya papiloma, yaani HPV, hasa vile vya aina ya 16. Ndivyo viletavyo pia saratani ya mlango wa kizazi, ugunduzi uliompatia mtaalamu wa Ujerumani, Harald zur Hausen, Tuzo ya Nobel mwaka 2008. Hakuna dawa ya kuviua virusi hivi. Mionzi na upasuaji huangamiza uvimbe, na kwa wagonjwa wengi virusi navyo hutoweka. Kwa wachache hubakia.

Hao wachache wasisahauliwe. Uchunguzi uliotangazwa nchini Marekani mwaka 2015 ulifuatilia wagonjwa 124. Waliokutwa na virusi vya aina ya 16 kinywani kabla ya matibabu na hata baada yake walikuwa 5, na wote 5 walirudiwa na saratani. Kati ya 119 waliosalia, waliorudiwa ni 9 tu. Idadi hiyo ni ndogo, wala hatudai kipimo hicho kiwe katika kila zahanati kesho. Tunachosema ni kwamba kutulia kwa maumivu si ushahidi wa kupona.

Kwa hiyo twawaomba wakuu wa afya, Bara na Visiwani, wahakikishe kuwa kila mgonjwa anarudi kwao na karatasi yenye tarehe za kuchunguzwa, na kwamba hospitali ya wilaya au ya mkoa inayo nakala yake. Uchunguzi wa koo na shingo ufanyike karibu na nyumbani, na safari ndefu ibaki kwa mwenye dalili. Mgonjwa aliyekosa nauli asihesabiwe kuwa amepona.

Wananchi nao wana wajibu. Uvimbe shingoni, sauti kukwaruza au chakula kupita kwa shida ni mambo ya kupelekwa hospitali bila kuchelewa. Wala mgonjwa asionewe haya. Virusi hivi huenezwa zaidi kwa kujamiiana, na watu wengi huvipata maishani. Aghalabu mwili huviondoa wenyewe.

Tena ipo kinga. Chanjo ya HPV ilianza kutolewa nchini kote mwaka 2018, na tangu mwaka 2024 wasichana wa miaka 9 hadi 14 hupewa dozi moja. Haimtibu aliyekwisha kuambukizwa, bali humkinga ambaye bado. Mzazi asimfiche binti yake siku ya chanjo. Mataifa kadhaa huwachanja wavulana pia, nasi hatuna budi kulifikiria jambo hilo kadiri uwezo utakavyoruhusu.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Taifa lililogharimia mionzi lisishindwe kugharimia tarehe ya kurudi.