Kigumba Bila Jina

Wapo wanaodai kwamba kigumba, yaani kichwa cha chuma cha mshale, huthibitishwa kwa kutu. Kikiwa chekundu na kingo zimelika, ni cha kale; kiking'aa, ni bandia. Dai hili nimelisikia kwa wanunuzi wanaopita hapa Kyebando wakitafuta silaha za mababu. Linalonisikitisha zaidi ni kulisikia kwa wanafunzi wenzangu walioanza kukusanya. Ninalipinga, kwanza kwa kuwa ni uongo, na pili kwa kuwa linatuibia.

Kutu hupikwa. Fundi yeyote wa kuchomelea aliyeko kando ya barabara zetu anaweza kukata bapa la chuma asubuhi, kulipiga tupa, kulizamisha katika maji ya chumvi au asidi ya betri, na baada ya siku chache likawa na "miaka mia". Simlaumu fundi, anauza anachoulizwa. Mwenye kujua hatazami wekundu. Hutazama makali, maana kigumba kilichowinda kimenolewa mara nyingi, na mara chache pande zake mbili hulingana. Hutazama ule mkia mwembamba unaoingia kwenye wano, yaani uti wa mshale: je, yamebaki mabaki ya ulimbo, au alama ya kano zilizofungwa hapo? Na kama chuma kiliyeyushwa katika tanuri za udongo, kama walivyofanya wafua chuma wa Bunyoro, kutu hukila kwa mistari kama nyuzi za mti, kwa sababu ya taka za tanuri zilizosalia ndani. Chuma cha kiwandani hulika kwa usawa zaidi. (Mtazamaji huyo asikishike kwa mikono mitupu, hasa kikiwa kimetoka Ukambani au Tsavo: sumu ya msunguti hudumu miaka mingi.)

Hata hivyo, chuma cha kiwandani si ushahidi wa ubandia. Wahadzabe wa Ziwa Eyasi, Tanzania, hugonga misumari ya dukani bila kuitia motoni mpaka ikawa vigumba, na kwa vigumba hivyo wanakula nyama. Nani atamwambia mwindaji yule kwamba mshale wake si halisi? Kwangu mimi, bandia ni kile kilichotengenezwa kimdanganye mnunuzi. Kilichotengenezwa kwa ajili ya upinde ni halisi, hata kama ni cha mwaka jana.

Sasa nije kwenye wizi. Wakamba na Waliangulu walitia alama kwenye mishale yao ili mnyama akiangukia mbali ijulikane ni wa nani. Tembo angeweza kufia porini, na alama ikasema pembe ni za nani. Basi kigumba kilikuwa na mwenyewe. Mkusanyaji anayekinunua bila kuuliza nani alikifua, nani alikirusha, na katika kijiji gani, amechukua chuma akamwacha mtu.

Hili si jambo la hisia tupu. Masimulizi ya Buganda yanasema Kibuuka alipigana akiwa mawinguni hadi Wanyoro walipoijua siri yake wakamlenga huko huko juu kwa mishale. Vitu vyake vitakatifu vilifika Cambridge kupitia kwa mmisionari John Roscoe, na mwaka 1962 vikarudishwa Uganda. Viliweza kudaiwa kwa kuwa vilikuwa na jina. Mwezi Juni 2024 vitu vingine 39 vilitoka Cambridge vikaletwa kwenye Makumbusho ya Uganda, pale Kitante. Sasa fikirini mshale ulioko katika kabati la Ulaya, umeandikwa tu "Mshale, Afrika Mashariki". Udaiwe na nani? Acholi? Toro? Karamoja? Nasi, kwa hiari yetu, hapa hapa Kampala, tunaandika kijikaratasi kilekile!

Nitajibiwa kwamba wazee wamekufa na majina wameondoka nayo. Wengine, ndiyo. Lakini Kyebando hii ya vyumba vya kupanga ina watu wa Gulu, wa Kitgum, wa Arua na wa Hoima. Kumpigia babu simu ni rahisi kuliko nauli ya bodaboda mpaka Kitante. Tatizo ni kwamba hatuulizi, na hata tukitaka kuuliza, maneno yametukauka: upote, wano na podo tumeviacha kwenye kamusi, tukabaki na "kamba", "kijiti" na "mfuko".

Kwa hiyo nawaomba wahadhiri wetu wa fasihi simulizi jambo moja. Mwanafunzi akileta kigumba kutoka uwandani, asipewe alama hata moja kwa ajili ya umri wake. Aulizwe jina la mfua chuma, jina la mwindaji, kijiji, na neno ambalo watu wa kule hulitumia kukiita. Akikosa yote manne, arudishwe uwandani akaulize.