Kuriseti, Kuflashi na Kalibu: Maoni Kuhusu Istilahi ya Kazi Iliyofuata Sensa ya 2022

Mwandishi wa makala haya alifika kwa fundi wa simu mjini Kahama akiwa na kishikwambi kilichokuwa kikijizima chenyewe, akaulizwa swali ambalo hakuweza kulijibu: "Mwalimu, nikiriseti au nikiflashi?" Ilibidi fundi aeleze tofauti, kwa subira ya mtu aliyezoea wateja wasiojua wanachokitaka. Aibu hiyo ndogo ndiyo chimbuko la maoni haya. Kwa muda mrefu sisi tunaojishughulisha na istilahi tumehangaikia majina ya vifaa. Matendo yanayofanywa juu ya vifaa hivyo tumeyaacha yajitafutie majina yenyewe, na katika jambo moja angalau, uzembe huo unagusa haki za watu.

Tuanze na neno lililofanikiwa. Kabla ya mwaka 2022 neno "kishikwambi" lilikuwa mali ya wachache. Mwezi Agosti mwaka huo makarani wa sensa walisambazwa nchini wakiwa na vifaa takribani laki mbili vya aina hiyo, kwa kuwa Sensa ya Watu na Makazi iliyoanza usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti ilikuwa ya kwanza nchini Tanzania kukusanya taarifa kwa njia ya kidijiti badala ya madodoso ya karatasi. Ghafla neno likawa katika redio, katika matangazo ya vijiji na katika vinywa vya watoto. Muundo wake si wazi. Mzungumzaji wa kawaida hutambua mzizi "-shik-" na kukwama katika kile kinachofuata. Hata hivyo limekubalika, kwa sababu lilifika pamoja na kifaa chenyewe. Hilo ni funzo kwa wale wanaoamini kwamba istilahi hushinda kwa uzuri wa umbo lake.

Baada ya sensa, Serikali iliamua vishikwambi hivyo vitumiwe na walimu, na mwishoni mwa 2022 ugawaji ukaanza. Kwa walimu wengi hakikuwa kifaa kigeni hata kidogo, maana wao wenyewe ndio waliokuwa makarani. Mwalimu wa Bukombe au wa Kishapu aliyekirudisha kishikwambi Septemba akiwa karani aliweza kukipokea kingine cha aina ileile miezi michache baadaye akiwa mwalimu. Kati ya mikono hiyo miwili ipo kazi ambayo lazima ifanyike: programu ya sensa iondoke, taarifa za kaya zifutike, na programu za kufundishia ziingie, tena katika vifaa vyote kwa namna moja. Kazi hiyo tunaiitaje kwa Kiswahili? Vitenzi tulivyonavyo katika lugha ya ofisini ni kusafisha, kuandaa, kuboresha na kuhuisha. Kila kimoja chaweza kumaanisha kupangusa vumbi.

Si kwamba tunadai vifaa hivyo havikufutwa inavyostahiki. Hoja yetu ni kwamba mtu akiuliza kwa Kiswahili kama vilifutwa, na akajibiwa kwa Kiswahili kwamba "vimeandaliwa", hakuna kati yao anayeweza kujua kilichoulizwa wala kilichojibiwa.

Fundi wa Kahama, kwa upande wake, anajua. Kwake kuriseti ni kukirudisha kifaa katika mipangilio ya kiwandani: picha, majina na programu zilizoongezwa huondoka, lakini mfumo wenyewe hubaki uleule, pamoja na kasoro zake kama zimo. Kuflashi ni jambo zito zaidi. Kifaa huunganishwa na kompyuta kwa waya, mfumo wa zamani hufutwa, na mfumo mwingine huandikwa mahali pake kutoka katika faili lililohifadhiwa. Umeme ukikatika katikati ya kazi hiyo, kifaa chaweza kufa kabisa, na ndiyo maana fundi hutaka kwanza kujua chaji imebaki kiasi gani. Kwa kompyuta kubwa kazi hiyohiyo huitwa "kupiga windo", hata pale mfumo unaowekwa si Windows. Mbali na hayo, kuna kufuta kwa kawaida, yaani kuondoa faili moja moja kwa kidole, ambako fundi hakuhesabu kuwa kazi.

Wachimbaji wadogo wa ukanda wa Geita wangeielewa tofauti hii haraka kuliko wengi wetu. Mchanga uliokwisha kuoshwa mwaloni hautupwi. Huitwa "marudio", na huuzwa kwa wenye mitambo ya kuchenjua kwa sayanidi, ambao hutoa humo dhahabu iliyomponyoka mwoshaji wa kwanza. Kila mchimbaji anajua kwamba kuosha mara moja si kumaliza. Faili lililofutwa kwa kidole nalo ni marudio: aghalabu kilichoondolewa ni kumbukumbu ya mahali lilipokaa, huku maandishi yenyewe yakingoja kufunikwa na mengine. Katika vifaa vya miaka ya karibuni hali ni afadhali, kwani taarifa huhifadhiwa kwa maandishi ya siri na kuriseti huuharibu ufunguo wake. Vifaa vipya vinavyotoka na mfumo wa Android 10, wa mwaka 2019, na matoleo yaliyoufuata vimetakiwa kufanya hivyo. Marudio yapo, lakini sayanidi haipo. Tofauti ya kifaa kimoja na kingine ni kubwa kiasi hicho, na lugha isiyoweza kuitaja haiwezi kuidai.

Na kilichokuwa ndani ya vishikwambi hivyo si kitu cha kudharauliwa. Dodoso la 2022 liliuliza umri, elimu, ulemavu, shughuli za kiuchumi na hali ya makazi, kaya kwa kaya. Taarifa zilitumwa kwenye hifadhi kuu, lakini kifaa cha namna hiyo hulazimika kwanza kuzitunza chenyewe, hasa mahali ambapo mtandao ni wa kusuasua. Sheria ya Takwimu, Sura ya 351, inalinda usiri wa majibu ya mtu mmojammoja, na tangu Mei 2023 ipo pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi iliyotungwa mwaka 2022. Mkoa wa Geita, uliozaliwa mwaka 2012 kutokana na sehemu za Mwanza, Shinyanga na Kagera, ulihesabiwa kuwa na watu 1,739,530 mwaka huo wa kuzaliwa kwake na 2,977,608 mwaka 2022. Wengi wa walioongezeka ni watoto waliozaliwa humo, lakini wamo pia watu waliofuata rashi ya dhahabu, wanaoishi katika makambi ya machimbo na wasiopenda kila mtu ajue walikotoka. Mtu wa namna hiyo alimjibu karani kwa sababu aliahidiwa siri. Ahadi hiyo, kwa lugha ya ufundi, inatimizwa au kuvunjwa pale kifaa kinaporisetiwa, kinapoflashiwa au kinapofutwa kwa kidole.

Upande wa pili wa suala hili hauhusu siri bali ukweli wa majaribio. Sensa ya 2022 ilitanguliwa na sensa ya majaribio mwaka 2021, kama inavyopasa. Programu ya kukusanyia taarifa haiwezi kupelekwa kwa makarani kabla haijajaribiwa katika vifaa vingi, mikononi mwa watu wengi, penye mtandao na pasipo mtandao. Jaribio la kwanza hukichafua kifaa, kwa maana kwamba huacha humo majibu ya kubuni, matoleo ya zamani ya programu na mipangilio iliyobadilishwa na mjaribu mwenye haraka. Iwapo jaribio la pili litafanyika bila vifaa vyote kurudishwa katika hali moja, kasoro itakayojitokeza haina mwenyewe. Yaweza kuwa ni ya programu, yaweza kuwa ni masalia ya juzi. Mtafiti wa isimu anayewahoji watu kwa dodoso lililobadilika njiani anaifahamu adha hii. Dawa yake ni kuandaa kifaa kimoja kwa uangalifu, kukikagua, kisha kunakili hali yake nzima na kuiandika katika vifaa vyote vingine kabla ya kila duru ya majaribio.

Uzito wa kazi hii ulidhihirika nchini Kenya. Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilipobatilisha uchaguzi wa rais tarehe 1 Septemba 2017, tume ya uchaguzi ilitangaza kwanza kwamba marudio ya uchaguzi yangefanyika tarehe 17 Oktoba. Kampuni ya Kifaransa ya OT-Morpho, iliyosambaza vifaa vya mkononi vya kuwatambua wapiga kura na kupeleka matokeo, ikaeleza kwamba vifaa zaidi ya 45,000 vilipaswa kuandaliwa upya na kwamba muda haukutosha. Uchaguzi ukasogezwa hadi tarehe 26 Oktoba. Kazi ambayo hatujaipa jina iliahirisha uchaguzi wa taifa kwa siku tisa.

Jina gani basi? Jibu la mezani, ambalo mwandishi huyu amelisikia katika semina zaidi ya moja, ni "kutaswirisha upya", kwa kuwa nakala nzima ya mfumo katika Kiingereza huitwa kwa neno linalomaanisha pia picha. Tunalipinga bila kusita. Taswira katika taaluma yetu ya fasihi ni picha inayojengwa akilini mwa msomaji, nayo katika nakala ya mfumo haimo. Kosa hapa ni lilelile la kufasiri neno badala ya kufasiri kitu. "Kusanidi upya" lina heri zaidi, na limeenea katika tafsiri za programu, lakini hutumika kwa kila marekebisho ya mipangilio, madogo na makubwa. Fundi akisema amesanidi hajasema kama amefuta. Kazi njema ya kuswahilisha programu, kama ile ya Jambo OpenOffice iliyotoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2004, ilihusu maneno yanayoonekana kwenye skrini. Yanayotendeka chini ya skrini hayakuwa mzigo wake.

Sisi tunapendekeza "kuflashi" ibaki kama ilivyo, na "kuriseti" vivyo hivyo. Watakaolalamika kwamba ni maneno ya mkopo yasiyo na haya wakumbuke vigezo vya PEGITOSCA alivyovipendekeza Kiingi, ambavyo tunawafundisha wanafunzi kila mwaka: ukimataifa na kukubalika vimo, sawa na uwazi na iktisadi. Neno hili lina silabi chache, linanyambulika bila taabu (flashiwa, flashika, flashia), na linaeleweka Kahama, Katoro na Masumbwe. Ni kweli kwamba kwa jirani zetu wa Kenya kuflashi kumewahi kumaanisha kumpigia mtu simu na kukata kabla hajapokea, jambo ambalo kwetu ni kubipu. Muktadha utatosha. Wala si mara ya kwanza ukanda huu kutoa neno lililowapita wanaleksikografia mlangoni. "Magwangala", yaani mawe ya mabaki yanayotupwa na mgodi mkubwa, ni neno la wakazi wa Geita lililofika bungeni na katika hotuba za viongozi bila kuomba kibali cha kamati yoyote.

Panapobaki pengo ni katika nomino. Ile nakala kamili ya kifaa kilichokaguliwa, ambayo vifaa vingine vyote hufanywa sawa nayo, fundi huiita "faili" tu, na kwa simu moja inatosha. Kwa vishikwambi laki mbili haitoshi, kwa kuwa kinachotakiwa kutajwa ni usawa wa vyote na chanzo kimoja. Kiswahili kinalo neno "kalibu", chombo ambamo madini yaliyoyeyushwa humiminwa ili yapate umbo, na kitenzi chake ni "kusubu". Vitu vyote vilivyotoka katika kalibu moja vina umbo moja, na ufa wa kalibu huonekana katika kila kimoja. Hilo ndilo hasa linalotokea: kosa lililomo katika nakala ya mwanzo huzaliwa upya katika kila kifaa. Kwa istilahi hii mkaguzi angeweza kuuliza maswali yenye majibu. Vifaa hivi vimetoka katika kalibu ipi? Ilikaguliwa na nani? Je, viliflashiwa kwa kalibu hiyo au vilirisetiwa tu?

Tulipokirudia kishikwambi chetu Kahama tulimweleza fundi pendekezo hili, kwa matumaini makubwa kuliko ilivyostahili, tukimwambia kwamba kalibu ingeitwa kalibu na kuflashi kwa utaratibu huo kungeitwa kusubu upya. Alifikiri kidogo akiendelea kukaza skrubu. "Kalibu nimeielewa, mwalimu," akasema. "Kusubu waachie masonara." Tumekubali hukumu hiyo, na katika makala haya "kusubu upya" hatuliwasilishi tena kama pendekezo.